Kufundisha Imani kwa Slaidi Bila Kuvunja Amri ya Saba: Programu Huria katika Kompyuta ya Parokia



Katika semina moja ya wanandoa iliyofanyika ukumbini mwa parokia, katekista alijiandaa kufundisha juu ya uaminifu. Projekta iliwashwa, waamini wakageukia ukuta mweupe, naye akafungua faili la mafundisho. Kabla slaidi ya kwanza haijaonekana, utepe mwekundu ulitokea juu ya skrini ukiwa na maneno ya Kiingereza. Mzee mmoja aliyeketi safu ya mbele akainua mkono.

“Mwalimu, samahani. Yale maandishi yaliyo kwenye wekundu yanasemaje?”

Katekista hakutaka kudanganya. “Yanasema, mzee wangu, kwamba programu hii haikupata idhini ya wenyewe.”

Watu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza. Kompyuta ile haikuwa ya katekista. Ilikuwa yetu sisi wa kamati ya mawasiliano. Sisi ndio tuliomkabidhi, na sisi ndio tuliokubali iwekewe nakala ya programu iliyopatikana kwa bei ya kutupwa, bila leseni. Tulimtuma ndugu yetu akafundishe uaminifu kwa chombo kisicho na uaminifu. Makala hii imetokana na aibu ile. Tunataka kueleza njia nyingine iliyo halali, isiyo na gharama ya leseni, ambayo parokia yoyote yenye kompyuta mpakato na projekta inaweza kuifuata.

Picha ukutani si jambo geni katika Kanisa

Wako waamini wanaoona kwamba projekta ni mambo ya kisasa yasiyofaa kuingia katika mafundisho ya dini. Historia inatuonyesha vingine. Mnamo mwaka 600, Papa Mtakatifu Gregori Mkuu alimwandikia Serenus, Askofu wa Marseille, aliyekuwa amevunja picha takatifu makanisani mwake kwa hofu kwamba watu wangeziabudu. Papa alimsifu kwa kuizuia ibada hiyo, lakini akamkemea kwa kuzivunja, kwa sababu wasiojua kusoma vitabu huweza kusoma katika kuta yale wasiyoweza kuyasoma katika maandishi. Kwa fikra hiyo, picha iliyo ukutani ina kazi ya kufundisha.

Hata kurusha picha kwa mwanga si jambo la jana. Katika karne ya 17, mwanasayansi Mholanzi Christiaan Huygens alitengeneza taa yenye lenzi iliyoweza kutupa picha ukutani. Padre Mjesuiti Athanasius Kircher aliieleza taa ya namna hiyo katika toleo la mwaka 1671 la kitabu chake juu ya mwanga na kivuli, na mojawapo ya michoro yake inaonyesha taa hiyo ikirusha ukutani picha ya mtu aliye katika ndimi za moto. Hivyo katekista anayebonyeza kitufe ili slaidi ibadilike anatembea katika njia ya zamani. Lililobaki ni kuhakikisha kwamba chombo anachokitumia ni safi kama ujumbe wenyewe.

Programu huria ni nini?

Programu ya kompyuta ni kazi ya akili na mikono ya watu, na aliyeitunga ana haki ya kupanga masharti ya kuitumia. Watungaji wengi huuza leseni. Wengine wameamua kuiachia kazi yao iwe huru, ili mtu yeyote aweze kuitumia, kuichunguza ilivyoundwa, kuirekebisha na kuwagawia wengine. Hizo ndizo zinazoitwa programu huria. Nazo zina leseni, lakini leseni yake hutoa ruhusa mahali ambapo nyingine huweka katazo.

Mwaka 1983, Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU wenye lengo la kuunda mfumo mzima wa kompyuta ulio huru. Mwaka 1991, mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, alitoa kiini cha mfumo kiitwacho Linux. Kutokana na kazi hizo mbili ilizaliwa mifumo mingi, ikiwamo Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo si geni masikioni mwetu, kwani neno “ubuntu” la Kizulu na Kixhosa ni ndugu wa neno letu “utu”.

Kwa upande wa slaidi, programu huria inayotumika zaidi ni Impress, iliyo ndani ya fungu la programu za ofisi liitwalo LibreOffice. Fungu hilo lilianza mwaka 2010 kutokana na kazi iliyotangulia ya OpenOffice. Kiswahili nacho kina historia humo, kwa kuwa mwaka 2004 mradi uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa tafsiri ya OpenOffice kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Watu wetu walikwisha kuona mapema kwamba chombo cha namna hii kinatufaa.

Amri ya Saba na kompyuta ya parokia

Tulipojadili jambo hili katika kamati, mmoja wetu alisema yale ambayo wengi huyawaza: “Lakini hii ni kazi ya Mungu. Hatupati faida yoyote. Nani atatuhukumu?”

Swali hilo linastahili jibu la kweli. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2408, inaeleza kwamba wizi ni kutwaa mali ya mwingine kinyume cha mapenzi ya haki ya mwenye mali. Namba hiyohiyo inakiri kwamba katika shida ya wazi na ya haraka, mtu anapokosa chakula, makazi au mavazi, kutumia mali ya mwingine ili kuokoa uhai si wizi. Hata hivyo, semina ya wanandoa haimo katika shida ya namna hiyo, hasa pale panapokuwepo chombo cha halali kinachotolewa bure. Namba 1753 inatukumbusha kwamba nia njema haiwezi kuligeuza tendo baya kuwa jema. Kazi ya Mungu haituruhusu kutwaa kilicho cha jirani. Badala yake inatudai uangalifu zaidi, kwa sababu tunaifanya kwa jina lake.

Sheria ya nchi nayo haiko kimya. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inaziweka programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa. Pamoja na hayo iko hatari ya kawaida ambayo makatibu wa parokia wanaifahamu vizuri: nakala za magendo mara nyingi huja na virusi, na virusi hivyo husafiri kwa flashi hadi kwenye kompyuta yenye kumbukumbu za ubatizo, kipaimara na ndoa.

Tuseme pia lililo haki. Kompyuta iliyonunuliwa pamoja na leseni zake haina kosa lolote, wala hakuna sababu ya kuibadilisha. Tunalolipinga ni kutumia kisicho chetu, si kununua.

Kuanza bila kubomoa

Hatua ya kwanza haihitaji kubadilisha mfumo wote wa kompyuta. LibreOffice hufanya kazi pia katika Windows na katika kompyuta za Apple. Parokia inaweza kuiondoa programu ya ofisi isiyo na leseni na kusakinisha LibreOffice mahali pake. Ni vyema kuipakua katika tovuti ya wenyewe, si kuipokea kwa mkono wa mtu asiyejulikana.

Hatua ya pili inafaa kwa kompyuta za zamani. Windows 10 iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi zilizokuwa zikiitumia haziwezi kupokea toleo linaloifuata. Je, zitupwe? Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka Laudato Si’ wa mwaka 2015, alituonya juu ya utamaduni wa kutupa vitu. Mifumo myepesi ya Linux, kama Xubuntu au Linux Mint yenye sura ya Xfce, inaweza kuipa mashine ya namna hiyo miaka mingine ya utumishi. Mifumo hiyo huweza kuwekwa kwenye flashi na kujaribiwa moja kwa moja kutoka humo, bila kugusa chochote kilichomo ndani ya kompyuta. Waliopendezwa na jaribio ndipo husakinisha, baada ya kuhamisha kwanza nakala za mafaili yote mahali salama.

Matatizo yanayojulikana na dawa zake

Hatutaki kumdanganya mtu kwamba njia hii haina mawe. Wahudumu wetu walikutana na matatizo matatu, na yote matatu yana dawa.

La kwanza ni faili lililotengenezwa kwa PowerPoint. Impress hulifungua, lakini huenda mistari ikasogea au maneno yakamwagika nje ya sanduku lake. Mara nyingi sababu ni fonti isiyokuwepo katika kompyuta. LibreOffice huja na fonti Carlito, yenye vipimo sawa na Calibri, na Liberation Sans, yenye vipimo sawa na Arial. Ukizitumia hizo, mpangilio hutulia. Mwezeshaji anayekuja kutoka nje aombwe kuleta slaidi zake mapema, walau siku moja kabla, ili zikaguliwe moja baada ya nyingine.

La pili ni video na sauti. Kama video iliunganishwa tu na faili bila kuwekwa ndani yake, utakapohamia kompyuta nyingine utabaki na sanduku tupu. Hakikisha imewekwa ndani ya faili, au ihifadhiwe pembeni na kufunguliwa kwa programu huria ya VLC.

La tatu ni kompyuta kugoma kabisa. Kwa hiyo kila uwasilishaji uhifadhiwe kwa namna mbili: faili la Impress lenyewe, na nakala ya PDF. Nakala ya PDF haina mijongeo wala mapambo, lakini hufunguka karibu katika kompyuta yoyote na huonekana vilevile ilivyotengenezwa. Iweke kwenye flashi, nayo flashi iwe mfukoni mwa mtu mwingine, si ndani ya mkoba uleule wa kompyuta.

Siku yenyewe ya semina

Mhudumu wa vyombo afike saa moja kabla ya mafundisho. Projekta za zamani hupokea waya wa VGA, ule wenye pini 15, ilhali kompyuta nyingi mpya zina tundu la HDMI au dogo zaidi la USB-C. Adapta ndogo isiyokuwepo imewahi kuahirisha mafundisho ya watu wengi. Parokia iwe na adapta yake, na iandikwe katika daftari la mali ya parokia.

Baada ya kuunganisha, kompyuta iambiwe namna ya kuitumia projekta. Katika Ubuntu, kitufe chenye alama ya Windows kikibonyezwa pamoja na P huleta machaguo. Kuna kuakisi, yaani ukuta uonyeshe kilekile kilichoko kwenye kompyuta. Na kuna kurefusha, yaani ukuta uwe skrini ya pili inayojitegemea. Tunashauri kurefusha, kwa kuwa hapo ndipo Impress humfungulia mfundishaji meza yake maalumu. Waamini wanaona slaidi peke yake. Yeye katika kompyuta yake anaiona slaidi hiyo, ile inayofuata, maelezo aliyojiandikia, na saa. Hana haja ya kuugeukia ukuta na kuwapa watu kisogo.

Vitufe vya kukariri ni vichache. F5 huanzisha maonyesho. Shift pamoja na F5 huyaanzisha kutoka slaidi uliyopo. Katika baadhi ya kompyuta hulazimika kushikilia pia kitufe cha Fn. Mshale wa kulia husonga mbele, wa kushoto hurudi nyuma. Ukiandika namba ya slaidi na kubonyeza Enter, unafika hapo moja kwa moja, jambo linalosaidia sana mtu akiuliza swali juu ya lililopita. Esc hufunga maonyesho. Kitufe cha B hufanya skrini iwe nyeusi, na ukikibonyeza tena picha hurudi. Tutakirudia kitufe hicho mwishoni.

Kabla ya kuanza, zima ujumbe unaojitokeza wenyewe kwenye skrini, zuia kompyuta isilale katikati ya mafundisho, na uiunganishe na umeme hata kama betri imejaa. Na umeme ukikatika? Kompyuta itaendelea kwa betri, lakini projekta itazimika. Kwa hiyo mfundishaji awe na muhtasari kwenye karatasi. Mafundisho yasiyoweza kuendelea bila umeme hayakuandaliwa ipasavyo.

Slaidi ni mtumishi wa neno

Programu huria itatuondolea kosa la wizi, lakini haitatuondolea slaidi mbaya. Tumeona slaidi zenye aya nzima za hati za Kanisa kwa maandishi madogo, mfundishaji akizisoma neno kwa neno huku waamini wa nyuma wakikunja nyuso. Mtume Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba ulimi usipotoa neno linaloeleweka, mtu anakuwa anasema hewani (1Kor 14:9). Onyo hilo linafaa kuwekwa juu ya meza ya kila anayeandaa slaidi.

Slaidi moja ibebe wazo moja. Mistari isizidi mitano au sita. Herufi ziwe kubwa, zisiwe chini ya ukubwa wa 28, na rangi zitofautiane waziwazi: maandishi meusi juu ya weupe yanasomeka hata katika ukumbi wenye madirisha yasiyo na mapazia. Unapotaja Maandiko Matakatifu, weka sura na aya ukutani, kisha waamini wafungue Biblia zao wenyewe. Mkono ulioifungua Biblia hukumbuka zaidi kuliko jicho lililotazama tu. Picha nazo zina wenyewe. Si haki kuikwepa programu ya wizi na kuijaza slaidi picha zilizochukuliwa bila ruhusa. Picha za watoto wa parokia zisionyeshwe bila idhini ya wazazi wao.

Tuongeze neno juu ya Misa Takatifu. Ukumbi wa semina na meza ya Bwana ni mahali tofauti. Kama parokia inataka kuonyesha maneno ya nyimbo au masomo wakati wa Misa, uamuzi huo si wa mhudumu wa kompyuta. Paroko aulizwe, na maelekezo ya Askofu, aliye msimamizi wa liturujia jimboni, yafuatwe. Skrini isiifunike altare wala kuyavuta macho ya waamini wakati wa mageuzo. Pale inaporuhusiwa, iko programu huria iitwayo OpenLP, iliyoundwa mahususi kwa ajili ya makanisa, inayoweza kupanga nyimbo na masomo ya Biblia.

Tulichopokea bure

Vijana wetu wana mfano katika Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki tarehe 12 Oktoba 2006 akiwa na umri wa miaka 15, na aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Alitumia ujuzi wake wa kompyuta kukusanya na kueneza habari za miujiza ya Ekaristi. Katika kila parokia wapo vijana wenye ujuzi kama wake. Wakabidhiwe kazi hii. Kijana mmoja akijifunza kusakinisha LibreOffice, afundishe wawili katika Jumuiya yake. Parokia moja ikiandaa slaidi nzuri za mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, iwagawie parokia jirani faili lenyewe ili walirekebishe kwa mahitaji yao. Leseni ya programu inaruhusu, na Injili inaagiza: Bwana aliwatuma wanafunzi wake watoe bure walichopokea bure (Mt 10:8).

Kuhusu kompyuta yetu ile, tuliisafisha wiki ileile. Kazi ilichukua Jumamosi mbili, na katekista alihitaji muda kuvizoea vitufe vipya. Semina ya wanandoa iliyofuata ilifanyika katika ukumbi uleule, na mzee yule alikaa tena safu ya mbele. Faili lilipofunguka aliutazama ukuta kwa makini, kisha akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Katikati ya mafundisho, katekista alipofika kwenye maneno ya agano la ndoa, alibonyeza B. Ukuta ukawa mweusi. Akawaomba mume na mke watazamane, wakumbuke waliyoahidiana mbele ya altare. Kwa dakika kadhaa hapakuwa na slaidi wala maelezo, na hapakuwa na mtu aliyeitazama skrini.

Tunawaalika mapadre, makatekista, viongozi wa Jumuiya na vijana wa jimbo letu waanze na hatua moja wiki hii: kukagua ni programu zipi zilizomo katika kompyuta ya parokia, na kujiuliza kama tunaweza kuzitaja mbele ya waamini bila aibu. Aliye mwaminifu katika lililo dogo atakuwa mwaminifu pia katika lililo kubwa. Mwenyezi Mungu azibariki kazi za mikono yetu.